Usukani wa Vane

Jumatatu asubuhi, kwenye kituo cha maji cha mtaa wetu hapa Kasuku, umeme ulirudi na sote tukageukia tangi. Mota inayofungua vane, ile vali ya kutolea maji ya tangi, ilinguruma mara moja, disjonkteri, swichi ya kukata umeme wenye hitilafu, ikaruka, mota ikazima. Foleni ya watu wenye mabidoni, madumu ya kuchotea maji, ikaguna.

Fundi, mzee mwenye kofia ya sufu, alifungua boksi ya mota, akapitisha kidole ndani, akatuonyesha: kimelowa.

"Kuran ya umeme ikikatika, boksi inapoa, inatoka jasho," alisema. "Ikirudi, inakuta maji ndani. Kila siku njo vile."

"Papa, hata wakati wa vita tulikuwa tunachota," mama mmoja aliyekalia bidoni lake alimwambia fundi. "Ulikuwa unafungua na mikono. Ule usukani wa kuzungusha iko wapi?"

"Iko kwa biro ya shefu, juu ya kabati," fundi alijibu. " Siku ya kuzindua mota walisema mashine ya kisasa haina lazima ya mikono."

Akaenda ofisini kwa shefu, mkuu wa kituo, kuuomba. Aliporudi aliuchomeka kwenye vane, akaanza kuzungusha, na mama yule akahesabu mizunguko kwa sauti, kama enzi zile. Foleni nzima ikamfuata. Kwenye sitini maji yakatoka, mekundu kwanza, kisha safi.

Hakuna aliyepiga makofi. Shefu alikuwa amesimama mlangoni, mkono ameunyoosha, anangoja usukani aurudishe juu ya kabati lake.

Wakati wa vita, wenye bunduki walipita kituoni hapa wakabeba hata milango. Usukani waliuacha pale pale kwenye vane.