Nyumba ya Bonga Iliyoitikia Hodi

Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini alasiri. Naanza na saa kwa sababu niliiandika palepale kwenye daftari langu la kazi. Kisa hiki sikusimuliwa na mtu. Kilinitokea mwenyewe, mchana kweupe, na kilevi situmii.

Mimi ni fundi wa pampu za maji, mwenyeji wa Voi, Kenya. Ufundi sikuusomea chuoni. Niliusoma kwenye vijitabu vinavyokuja na mashine, ukurasa kwa ukurasa. Miaka ile mkoa wa Manyara ulipokuwa mpya, mfugaji mmoja wa Babati aliniita nimfungie pampu, kazi ya mwezi mmoja. Nikavuka mpaka na pikapu yangu na mbwa wawili, vyeti vyao vya chanjo mfukoni. Dume aliitwa Sijali. Jike, Watasema, alikuwa na mimba pevu, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwachia. Siku hiyo tangu asubuhi alikuwa akiparua turubai la gari kwa kucha. Aliyewahi kufuga anajua maana yake: uchungu uko karibu. Nilihitaji paa kabla ya jioni.

Paa lenyewe lilikuwa wapi? Watumishi wa ofisi mpya za mkoa walikuwa wamejaza kila chumba. Dalali wangu, Baba Rehema, aliyeuza vitenge sokoni, alichoka kabla yangu.

"Fundi, nyumba za watu nimekutafutia tano," alisema. "Za mbwa hazipo."

"Ni mwezi mmoja tu, Baba Rehema."

"Hata siku moja. Yule mama wa Maisaka amekukubali wewe, amewakataa wenzako. Halafu majina gani hayo? Ukimwita mbwa wako, jirani anajua kasemwa yeye."

Kwenye gari langu alikataa kupanda; alisema kanzu aliyovaa ndiyo ya kuswalia, hataki iguswe na mate ya mbwa. Alipokuwa anaondoka kwenda msikitini akanitajia nyumba moja ya Bonga, nje ya mji, yenye bati jekundu, tupu kwa miezi minne. Mwenyewe, Mama Emanueli, alikaa jirani.

"Mbona hukuniambia tangu asubuhi?"

"Wapangaji hawakai pale. Sikutaka lawama. Tangulia, nitatuma mtu amwite."

Nikatangulia, nikafika mlangoni saa ile niliyoiandika. Kwetu na kwao adabu ni moja: unapiga hodi mara tatu; usipoitikiwa unarudi, ukiitikiwa unaingia. Hodi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, sauti ya mwanamke ikajibu taratibu kutoka ndani: "Karibu. Waingize na mbwa."

Mbwa walikuwa chini ya turubai, hawajatoa hata mlio. Kwa nini sikujiuliza amewajuaje? Nilidhani ujumbe wa Baba Rehema umeshafika. Nikawashusha, nikausukuma mlango, ukafunguka.

Jikoni alikuwepo bibi mmoja mrefu, amejifunga shuka la bluu, anatandika gunia la katani kando ya mafiga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyu anazaa leo. Mlaze hapa, upepo haufiki. Anaitwa nani?"

"Watasema."

Akacheka, kichwa kimeinama. "Waache waseme. Watachoka."

Sijali, ambaye huibwekea hata mvua, alilala miguuni pake. Nikauliza kodi. "Hiyo mwulize mwenye nyumba," akajibu, akatoka kwa mlango wa nyuma kuleta kuni. Niliona mwanga wa nje ukimwangukia begani. Niamini, niliuona.

Hapo ndipo nikasikia ufunguo ukizungushwa mlango wa mbele. Aliingia mama wa makamo, kufuli mkononi, akarudi nyuma hatua mbili.

"Wewe nani? Umepitia wapi? Nyumba hii nimeifunga mwenyewe."

Madirisha yote yalikuwa na nondo. Nikamwambia bibi ndiye aliyenikaribisha, na ametoka sasa hivi kwa mlango wa nyuma. Tukageuka wote wawili. Palikuwa na ukuta. Cheka ukitaka, lakini nilitoa futi yangu nikaupima: mita tatu na sentimita kumi, kona hadi kona, lipu kavu, bila ufa.

Mama Emanueli aliketi sakafuni. "Alikuwa amevaaje?"

Nikamweleza.

"Ni mama mkwe wangu," alisema. "Mlango huo tuliuziba baada ya kumzika. Mbwa wake alizaa wiki ya msiba, nikamfukuza nje kwa ajili ya wageni. Mvua ikanyesha. Watoto walikufa wote. Tangu hapo kila mpangaji anaondoka, anasema jioni kuna mtu anaita mbwa humu ndani."

"Basi na sisi tuondoke, mama?"

Alimtazama Watasema, ambaye alikuwa amekwisha kujilaza kwenye gunia, anahema.

"Uondoke naye aende wapi, na hali hii? Kaeni."

Akaenda mwenyewe kuchota maji. Ilipofika saa kumi na mbili kasoro robo, watoto walikuwa watano, wote hai, na kila mmoja Mama Emanueli alimpangusa kwa kitenge chake mwenyewe.

Nililala nyumba ile siku thelathini, usingizi mzuri, na sikusikia mtu akiita. Mtoto mmoja alibaki na Mama Emanueli. Baadaye mama huyo aliniandikia kwamba mpangaji aliyenifuata amemaliza mwaka.

Mimi lakini sikubaki nilivyokuwa. Hadi leo nikiitikiwa "karibu" siingii. Nasimama nje mpaka nione uso, na wateja wangu hudhani ni maringo. Gunia ninalo. Mama Emanueli aliapa kwamba ndani ya nyumba ile hapakuwa na gunia la katani.

Nawe unayetafuta pa kulala ugenini na wanyama wako, subiri mwenye sauti ajitokeze. Si kila anayeitikia hodi kutoka nyumba tupu ana huruma ya bibi yule.

Nilipotaka kulipa, Mama Emanueli alirudisha mikono nyuma. "Siwezi kupokea kodi ya mgeni aliyekaribishwa na mama," alisema. Fedha niliyotenga kwa ajili ya nyumba ilirudi Voi yote, nami nikaiandika daftarini: shilingi elfu thelathini za Tanzania.