Figa Lililobaki Bulla Webi

Mgeni aliyeingia jikoni kwa marehemu Timiro, pale Bulla Garas pembeni mwa mji wa Garissa, hakukosa kuliona figa lisilofanana na wenzake. Mafiga mawili yalikuwa ya jiwe jeusi, gumu, la aina isiyopatikana katika mchanga wa nchi ile. La tatu lilikuwa kipande cha tofali, kifupi kuliko wenzake, kwa hiyo sufuria yake iliinama daima upande wa mlango, kama mtu anayetega sikio. Wako wanawake wa mtaani waliocheka chini kwa chini kwamba nyumba yenye ngamia, yenye watoto waliosoma mpaka wakaingia ofisini, imeshindwa na figa moja. Wengine walizidisha, wakasema kwamba watu wa baba mkwe wake, Maalim Yarow, walikimbilia Garas mwaka ule wa shida kwa kuwa walikuwa na jambo la kuficha. Waliojua ukweli wengi wamekwisha kuzikwa, na ndiyo maana inafaa uandikwe sasa, kama ulivyokuwa.

Ilikuwa mwanzoni mwa 1967, katika kiangazi kirefu cha jilaal, na vita vya serikali na waasi waliotaka kujitenga vilikuwa vimeingia mwaka wa nne. Timiro alikuwa na miaka thelathini hivi. Mumewe, Korane, alikuwa mbali, pamoja na ngamia, kwa kuwa kila nyumba iliruhusiwa mwanamume mmoja tu malishoni, na kwa kibali. Nyumbani walibaki Timiro, watoto, na baba mkwe wake Maalim Yarow, mwalimu wa Kurani ambaye macho yalikuwa yamemwacha miaka sita kabla. Kambi yao ilikuwa na nyumba kumi na mbili, mwendo wa saa mbili kutoka mjini, upande wa njia ya Bura.

Jumatatu moja lori lilifika na karani na askari. Karani alisoma amri: kufikia Ijumaa, kila nyumba iwe imehamia katika moja ya bulla mbili zilizotengwa pembeni mwa mji. Bulla Garas ilikuwa juu uwandani, penye miti ya garas inayobaki kijani hata kiangazi kikali. Bulla Webi ilikuwa chini, ukingoni mwa Tana. Kati ya mitaa hiyo hapakuwa hata maili moja, lakini palikuwa na ua wa miiba na kizuizi cha askari, na kuvuka kulitaka barua ya chifu. Jina likishaandikwa upande mmoja, halihamishwi.

Hawa walikuwa watu walioifuata mvua mpaka Sangailu na kurudi. Walikuwa wakizijua kengele za mbao za ngamia wao kwa mlio, kila mmoja wake, na walilala mahali mwezi mmoja, wakaondoka kabla majivu hayajazoea upepo wa pale. Sasa waliambiwa wachague mara moja, kwa maisha yote, na wapewe siku nne.

“Kipofu hapa ni mimi peke yangu, na ninatosha,” alisema Maalim Yarow jioni hiyo mbele ya wazee wa nyumba zote. “Hatuhami kwa kusikia. Aende sahan.”

Sahan ni yule anayetangulia kutazama maji na malisho kabla watu hawajavunja kambi. Hachagui. Anaona, anarudi, anasema, na watu wanahama kwa neno lake. Tangu zamani ilikuwa kazi ya mwanamume.

“Nani aende?” aliuliza Nunow, binamu yake Korane, mtu mwenye ulimi mkali. “Jirani yetu Dekow alikwenda mjini kununua majani ya chai, akarudi baada ya siku tatu, na hata leo hasemi alikuwa wapi.”

“Wanawake wa maziwa wanapita kizuizini kila siku,” alisema Maalim Yarow.

“Sahan mwanamke, Adeer?” Nunow alimuuliza ami yake.

“Wewe una miguu, Nunow, lakini ukionekana barabarani utafungwa. Una jingine?”

“Ninalo. Aende mwanamke, sawa. Lakini awe wa nyumba yoyote isipokuwa hii. Nyumba hii iliwahi kutuletea habari za maji.”

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Miaka mingi nyuma, Bare, kaka yake Maalim Yarow, alitumwa sahan akarudi na habari ya kisima kilichojaa. Hakuwa amekifikia. Alitaka tu kambi ihamie upande ule, kwa kuwa palikuwa na binti aliyempenda. Kisima kilikuwa kikavu, na ngamia kumi na mmoja walikufa njiani. Tangu hapo, mtu akitaka kuwaumiza watu wa nyumba hiyo hakuwa na haja ya tusi. Alitaja maji tu. Jambo hili linaandikwa hapa kwa kuwa lilijulikana kote, na kwa kuwa bila hilo yaliyofuata hayana uzito wake.

“Ndiyo sababu ataenda wa nyumba hii,” alisema Maalim Yarow. “Timiro.”

“Dada yake yuko Webi!” Nunow aliangua kicheko. “Basi habari tumeshazipata. Ya nini kuichosha miguu yake?”

Nunow alikuwa amegusa penyewe. Dada huyo, Kaaha, ndiye pekee aliyekuwa amebaki wa tumbo la mama yake. Tangu Timiro aolewe, miaka kumi na minne, walionana kwenye misiba na harusi tu. Usiku wa kiangazi, akivikausha vibuyu vya maziwa kwa moshi wa vijiti kama mama yao alivyowafundisha, harufu ile ilimrudisha pale walipokuwa wawili wakigombania kijiti kimoja. Kukaa jirani na Kaaha kulikuwa ndoto ambayo hakuwahi kuithubutu. Sasa serikali, kwa ukali wake wote, ilikuwa imemwekea ndoto hiyo mlangoni.

Alfajiri ya Jumanne alibeba vibuyu viwili vya maziwa akatoka. Kizuizini askari mmoja kutoka bara alifungua kifuniko akanusa.

“Mama, umetia maji hapa?”

“Maji alikunywa ngamia, baba. Mimi sikuongeza.”

Askari alicheka akampisha.

Garas aliitazama kwanza. Alihesabu vivuli, akapima ardhi kwa kisigino, akaona kwamba vigingi vya nyumba vingeshika. Mbuzi walikuwa na kitu cha kutafuna. Upepo ulikuwa safi lakini hauna adabu. Ulimwaga vumbi katika kila chombo. Maji yaliletwa na lori. Mwanamke mmoja, Rukiyo, alikuwa amekaa kwenye foleni ya vyombo, mgongo kwenye mtungi wake.

“Lori huja lini, abaayo?” Timiro alimuuliza, kama dada kwa dada.

“Huja likitaka,” Rukiyo alisema. “Jana halikutaka.”

Adhuhuri, kwa kuwa jina lake lilikuwa halijaandikwa upande wowote, aliruhusiwa kushuka Webi. Hewa ilibadilika kabla hajauona mto. Palikuwa na ubaridi, migomba ya wakulima wa mtoni, sauti za watoto wa shule wakiimba hesabu. Kaaha alimkimbilia mikono wazi, unga bado vidoleni, akamvuta ndani, akammiminia chai yenye hiliki mpaka ikafurika.

“Njoo uone,” alisema, hata chai haijaisha. Nyuma ya nyumba alikuwa amefagia kiwanja, safi kama mkeka, na katikati yake yalikaa mafiga matatu meusi. Mumewe, Jelle, alikuwa dereva wa lori, naye aliyabeba kutoka milima ya upande wa Mwingi. “Hapa mlango wako. Hapa wangu. Nikipiga chafya, wewe unasema yarhamukillah bila kuinuka.”

Timiro alicheka mpaka machozi. Alichuchumaa akayashika mawe moja moja. Kisha, katika kuinuka, macho yake yalipanda mti uliokuwa juu ya kiwanja. Kwenye panda ya matawi kulikuwa na kitu cheusi kimening'inia. Alikitazama vizuri. Kilikuwa kipande cha mkeka wa nyumba, ule wa kufunikia aqal, nyumba ya fito ya wahamaji, uliosukwa na mwanamke fulani kwa miezi mingi, kama yeye alivyousuka wake. Alichukua fimbo yake ya kuongozea ngamia, akainyoosha juu. Haikuufikia.

“Huo ni wa gharika ya mwaka wa sitini na moja,” Kaaha alisema upesi. “Maji yale hayakuwahi kuonekana tangu babu zetu. Hayatarudi.”

“Na nzi hawa?” Timiro aliuliza, akimfukuza mmoja mkononi.

“Nzi wako kila mahali.”

“Hawa wanaomuuma ngamia akakonda mpaka akafa, hawako kila mahali.”

Kaaha aliushika mkono wa dada yake. “Walaal, ndugu yangu, sikuombi useme uongo. Sema maji, sema kivuli, sema shule. Yote kweli. Mkeka huu si lazima uubebe mpaka kwa wazee.”

Njia nzima ya kurudi Timiro aliipanga taarifa hiyo. Ilikuwa nzuri, na kila neno lake lilikuwa kweli. Hakuna mwanamume wa kambi ambaye angepita kizuizini kwenda kuhakikisha. Na asingekuwa kama Bare, kwa kuwa maji yalikuwepo, aliyaona, aliyanawa.

Jioni alisimama mbele yao, kwa kuwa sahan husema akiwa amesimama, naye huanza na maji. Alisema Garas: lori, foleni, vumbi, ardhi ngumu, malisho ya mbuzi. Alisema Webi: mto hatua mia mbili, kivuli, ndizi, shule, maduka. Nyuso zilifunguka. Hata Nunow, aliyekuwa na wake wawili na foleni moja ya maji mbele yao, alipiga paja.

“Alhamdulillahi! Nimekosea juu yako, Timiro. Webi, basi.”

Watu walianza kuinuka. Angenyamaza tu, mambo yangekwisha. Kiwanja kilichofagiliwa kilikuwa chake.

“Kaeni,” alisema. “Sijamaliza.”

Akawaeleza nzi. Akawaeleza mkeka juu ya mti.

“Uko juu kiasi gani?” aliuliza Maalim Yarow.

“Nilinyoosha fimbo yangu, Adeer. Haikuufikia.”

“Na kiwanja chenyewe, kiko wapi?”

“Chini ya mti huo. Ndicho dada yangu alichonifagilia.”

Maalim Yarow aliuelekeza uso wake mahali sauti ya Nunow ilipokuwa ikitoka siku zote. “Umesikia habari za maji kutoka nyumba hii?”

“Nimesikia, Adeer,” Nunow alisema taratibu. Tangu siku hiyo mpaka anakufa hakulitaja tena jina la Bare. Alinung'unika tu, wakati wa kutawanyika: “Lakini umetunyima ndizi, mwanamke wewe.”

Nyumba kumi na mbili zikachagua Garas. Hapakuwa na siri ya bunduki, wala ya mtu aliyefichwa. Palikuwa na mkeka juu ya mti, na mwanamke aliyeutaja.

Alhamisi Timiro aliivunja nyumba yake kama mama yake alivyomfundisha: mikeka kwanza, fito baadaye, vyombo juu kabisa. Akaifunga juu ya ngamia wa mizigo, akashika kamba, akatangulia. Ilikuwa mara ya mwisho kwa nyumba ile kupanda mgongo wa ngamia, na wote walijua, ndiyo maana hakuna aliyeimba. Njia ilipogawanyika, moja ikishuka mtoni, Kaaha alikuwa amesimama ng'ambo ya kizuizi na wanawake wengine, amejitanda shali yake ya sikukuu. Alikuwa amekuja kuwapokea. Timiro aliivuta kamba upande wa juu. Ngamia akageuka. Kaaha hakuita, wala Timiro hakugeuza shingo, kwa kuwa angegeuza asingeweza tena kutembea.

Siku chache baadaye Maka, muuza maziwa mwenye kibali cha pande zote mbili, alimletea ujumbe. “Dada yako anasema ulikunywa chai yake, kisha ukaenda kuuharibia jina mtaa wake.”

“Alisema kwa sauti gani?”

“Ya mtu aliyelia, halafu akaosha uso.”

Miezi miwili ilipita bila neno. Kisha Maka alitua kapu lake mlangoni, akihema, akatoa chini ya vibuyu figa moja jeusi. “Anasema uchukue mzigo wako. Unamkwaza vidole. Na mimi nasema mkipatana, mpatane kwa vitu vyepesi.”

La pili lilikuja baada ya mvua za gu. La tatu halikuja.

Mwisho wa mwaka vita vilitulia, vizuizi vikaanza kulegezwa, na siku ya Idi Kaaha alipanda Garas kwa miguu yake, mikono mitupu. Walishikana shingo. Alipoachia, aliyaona mafiga mawili na kipande cha tofali.

“Liko wapi jingine?” Timiro aliuliza.

“Nimelibakisha. Nikikupa yote matatu, nini kitakuleta kwangu?”

Timiro alikwenda, mara nyingi kuliko siku za mwaka, na kila mara alirudi bila jiwe. Walimletea mafiga mapya, wakamletea jiko la chuma; alisema tofali linatosha. Watoto walizoea kugeuza sufuria kwa pembe ili chai isimwagike.

Mvua za mwisho wa 1997 zilipoupandisha mto, watu wa chini walihamia uwandani na mizigo kichwani. Kaaha, mzee na mjane, alifika akiwa ameloa mpaka kiunoni. Timiro alikuwa na neno ambalo mwingine angelisema, na alikuwa na haki nalo kwa miaka thelathini. Alimfunika shuka kavu, akampa chai.

“Figa langu?” ndilo alilouliza.

“Limebaki,” Kaaha alisema, meno yakigongana. “Lazima mtu alinde kiwanja.”

Walicheka, vikongwe wawili, mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Sufuria ilikuwa imeinama upande wa mlango, na chai, kama kawaida, ilikuwa ikimwagika.