Mahazamu ya Mtu Aliye Mbali

Habari za kifo chake zilinifikia kazini Mbaraki, kwa simu, na nilipofika Mji wa Kale mwili ulikuwa umeshaoshwa. Alikuwa mama wa rafiki yangu, tuliyekua naye mlango kwa mlango, na mwanamke wa mwisho mtaani kwetu kutengeneza mahazamu, ile shali ambayo bwana arusi hujifunga kiunoni juu ya kanzu. Wasomaji wangu vijana, mnaooa kwa suti za kukodi, labda hamjaiona ikifungwa. Kitambaa alikinunua, kazi yake ilikuwa taraza, ule ukingo wa nyuzi za hariri unaosukwa kwa vidole kuzunguka nguo nzima, na matamvua yanayoning'inia pajani. Nasikia huko Moroko bibi arusi ndiye afungwaye mshipi mpana wa hariri, na kwamba katika milima ya Amerika ya Kusini wanawake hufuma mishipi yenye nakshi za kwao. Sijafika huko. Lakini nadhani popote penye mshipi wa namna hiyo, pana mtu aliyekaa akikifikiria kiuno cha mwenziwe.

Yeye alikifikiria kiuno cha mwanawe wa pekee, aliyekwenda Arabuni kutafuta kazi tulipokuwa bado wembamba sote wawili. Mahazamu yake aliyaanza mara tu mtoto alipoondoka, na kwa kuwa mwenyewe hayupo, alinipima mimi. Tulikuwa kimo kimoja na umbo moja. Kila Idi nilipokwenda kumwamkia alinisimamisha ukumbini, akanizungushia kitambaa. Nilipopata kazi nikaanza kunenepa, alifurahi kweli kweli, akasema basi na yeye huko anakula. Nilimtania kwamba huenda mwenzangu amekonda na tumbo nimelipata mimi peke yangu. Hakucheka, nami sikuurudia mzaha ule. Shibiri ya mwisho ya taraza aliiacha makusudi bila kuisuka, maana kwao mama haimalizi mpaka siku ya arusi itajwe.

Ikatajwa kwa kaseti. Siku hizo vijana wetu wa ng'ambo walikuwa wavivu wa kuandika, wakijirekodi sauti na kumpa kanda yeyote anayerudi nyumbani. Tulikaa kuisikiliza, mimi na yeye, redio katikati yetu. Rafiki yangu alisalimia mtaa mzima, akauliza bei ya samaki, akacheka, kisha sauti ikashuka: ameshaoa huko huko, kwa shati na suruali, mashahidi ni wenzake wa kazini. Akamwomba mama yake radhi. Mama alimwombea dua pale pale, ya kheri tupu, bila kinyongo. Halafu akavuta kikapu chake cha nyuzi na kuanza kuisuka ile shibiri iliyobaki, nami nikakaa naye mpaka alasiri kwa sababu sikujua nimuage vipi.

Zamu yangu ya kuoa ilipofika, alinitumia salamu kwamba nisihangaike kutafuta mahazamu. Alinifunga mwenyewe, ukumbini mwake, akayanyoosha matamvua moja moja. Yalinikaa sawasawa, yangeachaje, kiuno kilikuwa changu miaka yote. Nikamshukuru, nikataka kutoka, maana gari la kunipeleka Bondeni kwa bibi arusi lilikuwa likipiga honi.

"Ngoja kwanza, mwanangu," akasema. "Mbele nakuona ni weye. Nipa mgongo kidogo, nimuone na yeye."

Niligeuka, nikautazama ukuta. Nje waliniita kwa jina, wakaniita tena, na sikuthubutu kutikisika mpaka aliponigusa bega kuniambia niende.

Rafiki yangu amefika baada ya maziko, akiwa na mvi na lahaja ya watu wengine, tukakumbatiana kwa muda mrefu. Simlaumu; kisiwa hiki kimewapeleka mbali vijana wengi, na nyumba nyingi zinakula kwa jasho lao. Ila sisi tuliobaki tuna kazi ambayo hakuna aliyetuajiri kuifanya. Mama yule nimemkosa, na ningetoa chochote anisimamishe tena. Basi nawe msomaji, ukiwa na jirani ambaye mwanawe yuko mbali, pita ukamwamkie. Akikutazama kuliko kawaida, usimuulize kuna nini. Simama tu, mpaka atosheke.