Nyoka za udongo za Bihambwe

Leo ku masomo nimecheka mpaka mama wa pembeni akanikanyaga muguu.

Mwalimu wetu wa hapa kijijini Bihambwe ametoka kwenye mafunzo na elimu mupya. Eti mutoto anafundishwa muzima-muzima: kichwa, roho na mikono. Kuimba, kuchora, kufinyanga.

Sisi wazazi tuliitwa tuone. Inspekta muzungu naye akakuja.

Mwalimu akagawa udongo. "Mufinyange kitu munaona hapa kila siku."

Watoto wakafinyanga kimya, na bidii sijawahi kuona hata kwa kazi ya nyumba.

Wote wakatoa kitu kimoja: kirefu, chembamba, kimepinda kidogo.

Inspekta akafurahi. "Nyoka nzuri sana."

"Ndiyo, Bwana," mwalimu akajibu haraka, jasho linamutoka. "Huku nyoka iko mingi."

Njo binti yangu akasimama, na adabu yake yote: "Hapana, mwalimu. Hii njo ile yako ya nyuma ya mulango."

Inspekta akaenda mwenyewe, akarudi na fimbo. Akaiweka pembeni ya ile ya udongo.

Hata kupinda, zinapinda pale pale.

Elimu mupya iko ya mikono, sikatai. Ninauliza tu wenzangu: mikono ya nani?