Wamekwenda Baharini Bila Mimi, Siri Yangu Wakaibeba

Admin, naomba unifichie jina. Mimi ni dada wa miaka 31, naishi Njiro, nafanya kazi kwenye maabara ya kupima udongo. Nina mchumba, nitamwita Elia, na rafiki, nitamwita Anna. Na Anna tumekua wote Kikatiti, nyumba zetu zimetenganishwa na migomba tu. Nje ya familia yangu, ni yeye peke yake aliyejua kuwa nina kifafa. Kilinianza nikiwa darasa la sita. Dawa nakunywa kila siku, na ni miaka minane sijaanguka. Elia sikumwambia. Kila nikitaka kusema naona aibu, naahirisha. Hilo ni kosa langu, sikatai.

Mwaka huu tulipanga sisi watatu kwenda pwani ya Kenya kwa gari la Elia. Tutokee Holili, tupite Voi mpaka Diani, tukapumzike na kujifunza kuzamia kwa mitungi ya hewa. Mipango yote niliifanya mimi. Nilitafuta hoteli, nikaulizia karatasi za gari za mpakani, hata kuogelea nilijifunza kila Jumamosi. Wiki mbili kabla, walimu wa kuzamia wakatutumia fomu ya afya. Kulikuwa na swali kama umewahi kuwa na kifafa au kupoteza fahamu. Nikaandika hapana. Anna alikuwa pembeni yangu, akaona.

"Kule chini ya maji nani atakudaka?" akaniuliza.

Nikamwambia sitazamia, nitasingizia sikio linauma nibaki ufukweni. Akaendelea kujaza fomu yake. Mimi nikajua tumeelewana.

Alhamisi Elia akaniambia safari imesogezwa mbele, kazi zimembana. Nikaamini. Jumamosi nikiwa kwa mama Kikatiti tunachuma kahawa, mhudumu wa hoteli akaniandikia: "Dada, wageni wako wawili wamefika salama. Wamesema unaumwa, pole sana." Nilikaa chini palepale shambani. Mama akauliza, "Kuna msiba?"

Nikampigia Anna. Hakukana. "Nilimwambia Elia kwa sababu sikuamini utabaki ufukweni, ungekufa. Yeye ndiye aliyesema twende bila wewe, na mimi likizo nilikuwa nimeshachukua."

Nikamuuliza kwa nini hakunikalisha mimi kwanza. Akasema aliogopa nitalia.

Elia aliporudi alikuja kwangu na kikoi cha zawadi. Anaapa hakuna kitu kati yake na Anna, kila mtu alikuwa na chumba chake. Halafu akaniuliza taratibu, "Ungenificha mpaka lini? Mpaka tuzae?" Kilichonimaliza ni alichosema baadaye, kwamba ameshamweleza mama yake, na mama hataki kukaa kikao chochote cha harusi mpaka aone barua ya daktari. Na Anna ndiye msimamizi wangu, gauni ameshapimwa.

Jumapili hii mchungaji anaanza kutangaza ndoa yetu. Elia anasema bado ananitaka, niamue mwenyewe kama majina yasomwe. Nikiwaza walivyokaa kule wakinijadili, moyo unakataa. Nikikumbuka kwamba wa kwanza kuficha nilikuwa mimi, nakosa pa kushika. Ndugu zangu, ningekuwa mdogo wenu wa tumbo moja, mngeniambia niende kanisani Jumapili, au nimpigie mchungaji asitusome?