Betri za Mama Mdogo

Nikiona betri za redio zimeanikwa juani, mpaka leo uso hunishuka. Kijijini kwetu Kiongoroni ndivyo tulivyofanya zamani: betri zikichoka, zinatandazwa kwenye ungo ziote jua, zipate nguvu za kuimba jioni moja zaidi.

Redio ya kaseti ilikuwa ya babu, lakini kanda moja ilikuwa ya mama mdogo Mwanahawa, mdogo wake mama. Alipewa na kijana wa Dar, karani wa wanunuzi wa kamba na kaa, miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mwenye sanduku la barafu akaitwa tajiri. Kijana aliondoka na kamba wake, akaahidi kurudi na posa. Hakurudi. Ikabaki kanda: Mzungu na gitaa lake, anaimba taratibu kwa Kiingereza tusichokijua. Mama mdogo aliusikiliza wimbo ule akiwa amelala, kaelekea ukutani.

"Usimwambie mtu," aliniambia, nami sikusema. Nilichojua ni kwamba anaupenda kuliko nyimbo zote.

Baadaye akaposwa na Athumani, mkulima wa korosho wa Mahege. Siku ya harusi nilianika betri tangu asubuhi. Bibi harusi alipotolewa ndani kwa vigelegele, nikatia kanda ile niliyoichomoa chini ya godoro lake, nikafungulia sauti yote. Nilitaka kumfurahisha, jamani. Wema hauozi, husema watu. Wangu ulioza papo hapo.

Mama mdogo alilia. Si kile kilio cha adabu cha maharusi; alilia mpaka wakamshika asianguke. Kungwi wake akafurahi.

"Kafunzwa huyu! Anaililia nyumba ya mamake."

Bwana harusi naye machozi yakamlenga. Mama yake akanifunga kanga mpya kiunoni, akanisifu mbele ya watu, na kanda ikatiwa kwenye mizigo ya bibi harusi. Mama mdogo alinitazama mara moja ndani ya ushungi. Nikamchekea.

Likizo nilikwenda kwao Mahege. Baba mdogo Athumani, mtu mwema asiyejua kugomba, alikuwa amenunua redio yake. Kila jioni akitoka shamba aliuweka wimbo ule.

"Mke wangu, wimbo wetu huo," alisema, kisha akanigeukia. "Na aliyetuchagulia ni wewe."

Utepe ulipokatika aliuunga mwenyewe, kwa subira ya mtu anayemtoa mtoto mwiba. Mama mdogo alikuna nazi, hakuinua uso.

Siku moja mvua ilitanda, betri ziko uani kwenye ungo. Mama mdogo aliyaona mawingu, aliziona na betri, akaendelea kukuna nazi. Mimi, mtoto mwenye adabu, nilikimbia nikazianua, nikazifuta moja moja kwa gauni langu, nikampelekea.

Nilipofika sekondari Kiingereza kikaanza kuniingia, nikausikia wimbo ule katika duka moja Kibiti. Kumbe mtu anamkumbuka mpenzi aliyempoteza, na hata uchungu wake hataki umtoke. Nilitoka dukani bila kununua nilichotumwa. Nilikuwa nazikumbuka zile betri, na mama mdogo alivyozipokea mikononi mwangu, zikiwa kavu, akasema, "Ahsante, mwanangu," kisha akazitia kwenye redio ya mumewe.