Sikuuona Ule Mkanda wa Karonga

Kosa ni langu. Nalisema mapema kabla hujanionea huruma, kwa sababu hapa Kyela nimeonewa huruma vya kutosha, na kila anayenipa pole ananichoma.

Nilisema uongo juu ya sinema. Ndiyo, sinema. Najua unaweza kucheka. Hata mimi ningecheka, kama uongo huo usingeondoka na rafiki yangu.

Mimi ni mtu wa kutangatanga. Shule niliiacha darasa la tano. Sikuwa mjinga, ila nilitaka kujua malori ya mchele yanakwenda wapi, nikadandia moja. Tangu hapo nimekuwa hivyo. Nimevua dagaa Matema, nimeanika kakao za watu, nimebeba mizigo bandarini Itungi, nimevusha sabuni na kandambili kutoka Malawi. Kila nifikapo nauliza maswali mpaka watu wananichoka, kisha naondoka.

Nilipofika Talatala bila pa kulala, Gwakisa ndiye aliyenichukua. Alikuwa kijana wa rika langu, mtoto pekee wa mama yake, mjane mwenye shamba la kakao na kipande cha mpunga. Mama hakuuliza ukoo wangu. Alinipakulia chakula, nikasema “ndaga”, yaani asante kwa Kinyakyusa, akacheka jinsi nilivyolitamka, na tangu siku ile akaniita mwanangu.

Ni miaka hiyo biashara zilipofunguliwa, vitu vikaanza kumiminika: mitumba, redio kubwa, deki za video. Bwana Hamisi, mwenye duka la vitenge pale Mbugani, ambaye wazee wake walitoka Lindi, akanunua deki na jenereta, akapanga mabenchi nyuma ya duka na kufungua banda la video. Mikanda yote ilikuwa ya Kiingereza. Akatafuta mtu wa kusimama kando ya televisheni na kutafsiri. Nikanyoosha mkono.

Kiingereza changu nilikiokota sokoni Karonga. Kilinitosha kununua sabuni. Hakikutosha kwa watu wanaopigana angani. Lakini macho ninayo na mdomo ninao. Nilichoelewa nilitafsiri, nisichoelewa nilitunga. Watu walipenda. Walisema siku nikiugua picha inakosa chumvi.

Sijui kama unaelewa maana yake kwa mtu kama mimi. Popote nilipopita nilikuwa mbeba mzigo. Ndani ya banda lile, hata walimu walinyamaza nikifungua mdomo.

Picha iliyojaza banda kuliko zote ilikuwa ya Nahodha. Ina sehemu nyingi, ya kwanza ilitengenezwa sisi bado watoto wadogo. Nahodha ana meli inayosafiri kati ya nyota, ana mabaharia wake, ana adui asiyekwisha. Sehemu ya tano inaisha vibaya. Meli inavutwa na shimo jeusi la angani. Nahodha anawashusha wenzake wote kwenye chombo kidogo, anabaki peke yake kwenye usukani, anasema maneno machache, anamezwa. Basi. Majina yanaanza kupanda kwenye kioo.

Yale maneno machache sikuyaelewa hata moja. Nilitazama mabenchi. Watu wazima walikuwa wanafuta macho. Gwakisa, benchi la mbele, alikuwa ameweka mikono kichwani kama mtu aliyefiwa. Nikashindwa kunyamaza. Nikatoa sauti nzito ya Nahodha, nikasema, “Ningojeni. Nitarudi.”

Banda zima likapiga makofi.

Baada ya hapo ikawa mabishano yasiyokwisha. Kijiwe chetu kilikuwa kwenye meza ya Lugano, fundi redio, mbele ya duka la Bwana Hamisi. Mvua ikinyesha tunasogea barazani, lakini ubishi haukatiki.

“Stelingi hafi,” Gwakisa alisema siku moja. “Niambieni mmeona wapi stelingi akafa.”

“Huyu amekufa,” Lugano akajibu. “Ameingia shimoni kwa hiari yake. Na yule mwigizaji mwenyewe amezeeka, hukuona tumbo? Sehemu ya sita usukani anapewa yule binti.”

“Binti gani? Yule anayelia kila vita?”

“Analia huku anapiga. Wewe ukipigwa na mkeo hulii?”

“Sina mke, Lugano.”

“Ndiyo maana macho yako makavu.”

Bwana Hamisi alikuwa anakunja vitenge, akasema bila kututazama, “Mnagombania kitu ambacho hakipo. Hakuna sehemu ya sita. Wazungu wakichoka na kitu wanakiacha hapohapo kilipo. Sehemu tano zinatosha, wana wangu. Nendeni mkapalilie mpunga.”

“Haiwezekani, Bwana Hamisi,” Gwakisa akasema. Alikuwa hatanii tena. “Wale mabaharia wanamngoja kwenye chombo. Watangoja mpaka lini? Na mwenyewe amesema atarudi.”

“Amesema nani?” Lugano akaweka bisibisi mezani na kunigeukia. “Amesema Nahodha au umesema wewe? Maana nilikuwa namtazama mdomo. Yeye alisema maneno kama kumi, wewe ukatupa mawili.”

Wote wakanitazama. Hapo ndipo ningesema, “Jamani, sikuelewa.” Wangenizomea kidogo, wangecheka, ningewanunulia kahawa na yangeisha.

Badala yake nikasema, “Nimeiona.”

“Umeona nini?”

“Sehemu ya sita. Niliiona Karonga safari iliyopita. Nilinyamaza tu ili nisiwaharibie.”

Bwana Hamisi akaacha vitenge. Lugano akavuta kigoda. Nikaanza kusimulia, na Mungu anisamehe, siku ile nilisimulia vizuri kuliko siku zote. Nikasema shimo lile halikuwa kaburi, lilikuwa njia. Nahodha alitokea upande wa pili, kwenye bahari isiyo na pwani, akakaa huko mpaka ndevu zikamfika kifuani. Watu wake walikuwa wamekwishamlilia na kugawana vitu vyake. Ni baharia mmoja tu aliyekataa kuzima taa ya chombo. Na kwa taa hiyo Nahodha akaiona njia, akarudi.

Gwakisa alikuwa na machozi. “Mkanda uko kwa nani?” akauliza.

“Kuna duka karibu na soko. La mlango wa kijani.”

Mlango wa kijani! Sijui niliutoa wapi.

Tulipokuwa tunarudi Talatala Gwakisa akaniambia twende tukauchukue, Bwana Hamisi amekubali kuukodi. Nikamwambia mto Songwe umejaa, tungoje mvua ipungue, tutakwenda pamoja wiki ijayo. Asubuhi nikamuaga mama kwamba nakwenda Matema kutafuta kibarua. Sikuwa nakwenda kutafuta kibarua. Nilikuwa nakimbia ule mlango. Nilidhani nikikaa mbali kidogo hamu itamtoka, au watakuja na ubishi mwingine.

Gwakisa hakuningoja. Hakuwa na karatasi za kupitia mpakani Kasumulu, akavuka kwa mtumbwi wa njia za panya, kama tulivyokuwa tukivuka sote. Kwenda alivuka salama. Kurudi, maji yakaupindua mtumbwi. Mvushaji aliogelea akatoka. Gwakisa hakuonekana.

Nilipopata habari nilirudi kutoka Matema mbio, nikamtafuta yule mvushaji. Aliniambia jambo ambalo nililificha kwa muda mrefu. Alisema yule kijana hakuwa na mzigo wowote. Wakiwa njiani kurudi akamuuliza, “Mzee, wewe unaijua Karonga. Umewahi kuona karibu na soko duka lenye mlango wa kijani?” Mvushaji akamjibu hajawahi kuliona. Gwakisa akatikisa kichwa.

Kwa hiyo alijua. Alikufa akiwa anajua kwamba rafiki yake ni mwongo. Au labda alikuwa bado ananitafutia sababu. Sijui lipi linaniuma zaidi.

Tulitafuta kingo zote mpaka kwenye matete ya ziwani. Hatukupata hata shati.

Mama yake hakulia. Wanawake walikuja kukaa naye, akawapikia yeye. Siku moja aliniita jikoni. “Mwanangu, Gwakisa aliniambia anafuata picha uliyoiona wewe. Nisimulie hiyo picha. Nataka kujua alifuata nini.”

Ningesema nini? Nikamsimulia. Shimo, bahari isiyo na pwani, ndevu, taa. Alisikiliza mpaka mwisho huku kijiti cha kuni kikiungua mkononi mwake. “Kwa hiyo walikwishamlilia,” akasema, “na bado akarudi.”

“Alirudi, mama.”

“Ndaga, mwanangu.”

Kuanzia siku hiyo akawa anawasha koroboi na kuiweka dirishani giza likiingia. Na kila nilipopita aliniomba nimsimulie tena. Nikisahau kitu ananikumbusha. “Umeruka pale pa ndevu,” anasema.

Wajomba wa Gwakisa wakaja. Kwenye ukoo wao mtu akipotea bila mwili kupatikana wanakata shina la mgomba, wanalivika sanda na kulizika, ili roho yake ipumzike na walio hai waweze kunyoa nywele za msiba na kuendelea. Mama akakataa. Akawaambia wazee wale wenye mvi, bila haya, kwamba kuna mtu alimezwa na shimo kubwa kuliko Songwe na akarudi, kwa sababu mmoja alikataa kuzima taa. Wakamtazama kama mgonjwa. Mjomba mkubwa akauliza nani amemwambia hayo. Mama akaninyooshea kidole.

Nilishindwa kula. Mama mwenyewe alikuwa amekonda, koroboi inakula mafuta, shamba limejaa majani. Nikaona nikiendelea nitaua na wa pili. Asubuhi moja nilimkuta anapepeta mchele, nikapiga magoti.

“Mama, ile picha sikuiona. Hakuna sehemu ya sita. Niliitunga mimi.”

Ungo ukasimama. “Na mlango wa kijani?”

“Haupo, mama.”

Aliweka ungo chini. Kisha akasema kwa sauti ndogo, “Waambie wakate mgomba.”

Tukazika mgomba. Nilichimba mimi, mikono ikatoka malengelenge, nikafurahi kuumia. Mama alilia siku ile, kilio chake chote, na jioni hakuwasha taa. Nikajisemea, nimemuumiza lakini nimemwachia njia ya kupumua. Hilo ndilo jambo jema pekee nililofanya katika habari hii yote, na hata hilo sasa limeharibika.

Mwaka huu Bwana Hamisi alisafiri kwenda Mbeya kununua mikanda. Alirudi na sehemu ya sita. Ya kweli, ina picha ya Nahodha kwenye boksi.

Mimi sitafsiri tena, wamemweka kijana aliyemaliza sekondari. Nilisimama nyuma, karibu na mlango. Mabaharia wanazeeka, yule binti ndiye anayeshika usukani, Lugano anapiga kelele kwamba alisema. Halafu, karibu na mwisho, shimo linafunguka na meli inatoka. Nahodha amerudi. Hana ndevu. Hakuna taa, hakuna bahari. Hakuna kimoja nilichotunga kilichokuwamo, isipokuwa hicho tu, kwamba amerudi.

Banda likanigeukia. Lugano akaja akanikumbatia. “Kaka, nisamehe. Nilikubishia bure. Kumbe uliiona kweli.”

“Sikuiona, Lugano.”

“Acha unyenyekevu.”

“Naapa sikuiona.”

“Basi uliotea?” Akacheka, na wengine wakacheka. Bwana Hamisi alinipa mkono. Gwakisa angekuwepo angekuwa amepanda juu ya benchi.

Maneno yakafika Talatala kabla yangu. Nilimkuta mama kwenye kaburi la mgomba, ameshika jembe, amekwishaondoa mawe ya pembeni.

“Wanasema alirudi,” akaniambia.

“Mama, ni bahati tu. Sikuwa nimeiona.”

“Ulitumwa na wajomba.” Hakukasirika. Alinisemesha kama mtu anayemsamehe mtoto. “Waliona nakusikiliza, wakakutuma uje useme hukuiona, ili wazike. Sikulaumu, mwanangu. Wakubwa wakikuamuru ungefanya nini?”

Nililia mbele yake. Niliapa kwa kaburi la baba yangu. Nikamwambia hata maneno ya mvushaji, kwamba Gwakisa aliutafuta mlango asiuone. Akasikiliza, akatabasamu, akasema, “Labda ulikuwa umepakwa rangi nyingine.”

Koroboi iko dirishani tena. Jana nilipita kumpelekea mafuta ya taa, maana nisipompelekea mimi atauza mpunga wa mbegu. Akanikaribisha kiti, akasema, “Anzia pale meli inapotoka shimoni.” Nikaanza. Ningefanya nini?

Nawaandikia ninyi kwa kuwa huku hakuna aliyebaki wa kuniamini. Wewe uliyejaliwa mdomo, unayekaa kijiweni na watu wanakusikiliza, wakikuuliza kitu usichokijua, sema hukijui. Waache wakuzomee. Usingoje kama mimi, niliyeusema ukweli kwa kuchelewa, na ukweli wenyewe ukaonekana ndio uongo.

Jioni nitapita tena Talatala. Sitaruka pale pa ndevu.